Kutu ya Pwani: Utangulizi wa Elimu Inayoanzia Juu ya Keria

Gari la abiria linalotoka Kilwa Masoko kwenda Nangurukuru, au linaloshuka Kivinje na kupanda Somanga, hubeba watu ndani na riziki zao juu. Matenga ya samaki, magunia ya mkaa, nazi, ufuta, korosho, magodoro ya anayehama, baiskeli ya mwanafunzi anayerudi likizo, vyote hupandishwa kwenye keria na kukazwa kwa kamba. Hakuna sehemu ya gari inayofanya kazi nzito hivyo huku ikitazamwa mara chache hivyo. Dereva huangalia maji, oili na matairi kila alfajiri. Keria huikumbuka siku mguu wake unapoachia njiani na mzigo kulalia upande mmoja. Utangulizi huu unaanzia kwenye mguu huo uliokatika, kwa sababu ukiutazama vizuri unakufungulia mlango wa elimu nzima ambayo pwani yetu inaihitaji kuliko sehemu nyingi za dunia.

Elimu hiyo ni ya kutu, au kwa jina pana zaidi, ya ulikaji wa metali. Inauliza chuma huliwa kwa nini, huanzia wapi, huliwa kwa kasi gani, na binadamu afanye nini. Wanaoijenga ni wakemia, wanafizikia, wataalamu wa hali ya hewa, wahandisi wa mabomba na meli, watengeneza rangi, hata wanaakiolojia. Nataka pia iwe elimu ya fundi wa kuchomelea wa Masoko na ya mwanafunzi wa sekondari wa Lindi mjini, kwa kuwa wao wanaishi ndani ya maabara yake.

Jambo moja msomaji alishike mapema, kwa sababu linapingana na imani ya wengi: mvua si adui mkuu wa keria. Kwa hoja nitakazozitoa hapa, chuma cha pwani ya Lindi kiko hatarini zaidi miezi isiyo na mvua, na huliwa zaidi upande ambao mvua haiufikii.

Tuanze mbali na pwani yetu. Anayeishi Ulaya ya kaskazini au Kanada akiwa na gari la kulala ndani huwa na swali lake kila Desemba inapokaribia: keria iliyo juu ya paa aikinge vipi na theluji? Swali ni la haki. Theluji iliyoanguka muda si mrefu ni nyepesi, mita moja ya ujazo ina kilo 50 hadi 100, lakini ikilowa na kushindiliwa uzito wake hupanda mara kadhaa. Maji yake yakipenya kwenye ufa na kuganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na ufa hutanuka nayo. Ndugu zetu walioko huko wanayajua haya. Hata hivyo theluji yenyewe ni maji karibu matupu. Kinachokula chuma huko ni chumvi inayomwagwa barabarani ili barafu iyeyuke: kloridi ya sodiamu, na wakati mwingine ya kalisiamu au ya magnesiamu. Matairi huirusha, nayo hujibanza kila pembe ya gari na kukaa humo hadi baridi iishe. Marekani ilianza kuitumia kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Japani nayo humwaga chumvi za aina hiyo katika sehemu zake za theluji, Hokkaido ikiwemo, na magari mengi tunayoyanunua yakiwa yameshatumika hutoka Japani. Gari linaloteremshwa bandarini Dar es Salaam huenda limeshaonja kloridi kabla halijaiona pwani yetu. Mwenye gari wa Hokkaido na mwenye gari wa Kivinje wanapambana na kitu kimoja, ila wa Hokkaido hupumzika wakati wa kiangazi na wa Kivinje hapumziki.

Aliyetuonyesha vizuri kuliko wengi jinsi chuma kinavyoliwa ni Ulick Evans, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, katika miaka ya 1920. Jaribio lake msomaji anaweza kulifanya nyumbani leo jioni. Chukua kipande bapa cha chuma kisicho na rangi wala zinki, kisugue kwa msasa mpaka king'ae, kipanguse mafuta ya vidole. Koroga kijiko kidogo cha chumvi katika kikombe cha maji, kisha dondosha tone moja kubwa katikati ya chuma hicho na usiliguse. Mwanzoni huoni kitu. Baada ya saa moja au mbili, pete ya rangi ya kahawia hujitokeza ndani ya tone, kati ya ukingo na kitovu. Lifute sasa. Ukingo bado unang'aa. Pete ina kutu. Kitovu hakina kutu nyingi, lakini kimepoteza mng'aro, na ukipitisha ukucha unahisi kimeparuzika. Kutu imekaa mahali pamoja na chuma kimeliwa mahali pengine.

Maelezo yake ni haya. Ukingoni tone ni jembamba, na oksijeni ya hewani hupenya kwa urahisi. Kitovuni tone ni nene, oksijeni haifiki ya kutosha. Chuma cha kitovuni huachia elektroni, nazo husafiri ndani ya chuma chenyewe mpaka ukingoni, ambako oksijeni na maji huzipokea. Chuma kilichoachia elektroni zake huyeyukia majini, na kinapokutana na mazao ya ukingoni, kutu hujengeka kati yao. Chumvi huyawezesha maji kupitisha umeme huo mdogo, na kloridi yake huvunja utando mwembamba ambao chuma hujifunika nao kikijilinda. Mwalimu wa kemia mwenye potasiamu ferisianidi na finolftalini akivitia ndani ya tone ataona kitovu kikigeuka buluu na ukingo ukigeuka waridi, na darasa zima litaona kwa macho mahali chuma kinapokufa.

Chuma, basi, huliwa pale hewa isipofika vya kutosha, ilmradi mahali pa jirani hewa inafika. Msomaji akilibeba hilo peke yake kutoka katika kurasa hizi, ameshapata nusu ya elimu. Litamweleza kwa nini keria huoza chini ya washa, chini ya mpira wa mguu, chini ya kamba iliyoachwa imekazwa wiki nzima, na ndani ya ufa mdogo ambao fundi hakuujaza alipochomelea.

Tone la jikoni hatimaye hukauka. Pwani tone halikauki, na ushahidi uko katika kopo la chumvi la kila nyumba. Chumvi ya mawe iliyovunwa kwenye mashamba ya chumvi ya Lindi na Mtwara hulowa yenyewe bila kumwagiwa hata tone. Kloridi ya sodiamu iliyo safi huanza kufyonza maji ya hewani unyevu unapofika asilimia 75 hivi, kiwango ambacho usiku wa pwani hukipita bila shida. Kloridi ya magnesiamu, ambayo nayo imo katika maji ya bahari, huanza kwenye asilimia 33 tu. Kwa hiyo hata saa saba mchana, jua likichoma na bati likipiga mlio wa kutanuka, vumbi la chumvi lililotua kwenye kivuli cha keria laweza kuwa na utando wa maji usioonekana kwa macho. Utando wa namna hiyo hula chuma kwa kasi kuliko chuma kikizamishwa ndani ya pipa la maji, maana oksijeni huupenya mara moja. Joto letu nalo huongeza kasi. Mwingereza W. H. J. Vernon alishaonyesha katika miaka ya 1930 kwamba chuma hakingoji kunyeshewa: unyevu wa hewa ukipita kiwango fulani na uchafu ukawepo juu yake, kutu hushika mbio.

Chumvi hiyo hufikaje juu ya keria ambayo haijawahi kuingia baharini? Wimbi likivunjika hutoa mapovu, na kila povu likipasuka hurusha vitone vidogo mno ambavyo upepo huvichukua. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Vitone vizito hutua karibu, vyepesi huenda kilomita nyingi, na ndiyo sababu kiasi kinachotua hushuka kwa ghafla katika mita mia chache za mwanzo kutoka ufukweni, kisha hushuka polepole. Gari linalolala Masoko karibu na gati na gari linalolala Nangurukuru kwenye barabara kuu hayaishi katika hewa moja, hata kama yana rangi moja na umri mmoja.

Hapa ndipo pwani ya Lindi inapokuwa na habari yake ya pekee. Kusini mwa Tanzania mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili au Mei. Kusi nayo huingia kuanzia Aprili, na Juni, Julai na Agosti huvuma kwa nguvu kutoka kusini mashariki, yaani kutoka bahari kuu, ikipanda moja kwa moja nchi kavu. Mvua inapokoma ndipo upepo wa chumvi unapopamba moto. Tangu Juni hadi Oktoba chumvi hutua usiku na mchana na hakuna wingu la kuiosha. Wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam hupata mvua za vuli zikawapunguzia mzigo mwishoni mwa mwaka. Sisi wa kusini tunangoja zaidi. Mtu anayepaka keria yake rangi mpya Novemba ili "mvua zisiikute vibaya" ameikinga na kile kilichokuja kuiosha, baada ya kuiacha wazi miezi mitano ya hatari.

Twende sasa tuitazame keria yenyewe. Panda ngazi ya nyuma ya gari lolote lenye miaka michache pwani, kisha usiishie kuangalia juu. Inama uchungulie kati ya mabomba na paa. Upande wa juu rangi imepauka kwa jua na kukwaruzwa na magunia, lakini chuma kilicho chini ya mikwaruzo kwa kawaida bado kigumu, maana kila mvua iliyonyesha ilikiosha. Upande wa chini rangi inaweza kuwa bado ina mng'aro wake wa dukani, na hapo ndipo penye malengelenge. Lipasue moja kwa ukucha, linatoa maji ya kahawia. Nenda kwenye mguu, pale bamba lake linapokalia mpira juu ya mfereji wa paa. Kutu hapo imejipanga tabaka juu ya tabaka, na bamba limepinda juu bila kugongwa na kitu. Kutu huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilichoizaa, kutegemea aina yake, na nguvu hiyo ya kutanuka inatosha kukunja bamba, kung'oa puti ya bodi na kupasua mfereji. Maji yakishapata njia ya kuingia ndani ya paa, mwenye gari hulaumu mpira wa mlango.

Ongeza matenga ya samaki na pweza. Maji ya barafu yaliyochanganyika na maji ya bahari hudondoka safari nzima, hupita kwenye makutano ya mabomba na kujikusanya pale pale hewa isipofika. Gari linalobeba samaki mara kwa mara lisihesabiwe sawa na linalobeba ufuta.

Dawa ya kwanza ni ndoo ya maji matamu na kitambaa, mara moja kwa wiki wakati wa kusi, na maji yarushwe kutoka chini kwenda juu, siyo kumwagwa juu tu. Samaki wakishateremshwa, keria ioshwe siku hiyo hiyo. Naandika haya nikijua kwamba maji matamu si rahisi kila mahali. Visima vingi vya jirani na ufuko vina maji yenye chumvichumvi, na kuosha keria kwa maji hayo ni kuipaka chumvi upya. Ulimi unatosha kuyapima. Yakiwa na chumvi, bora kitambaa kilicholoweshwa kwa maji kidogo ya mvua kuliko ndoo tatu za kisima.

Dawa ambayo wengi hukimbilia ni turubai, na hiyo sina budi kuipinga wazi. Turubai lililokazwa juu ya keria huzuia mvua iliyokuwa ikiosha, halizuii hewa yenye chumvi kuingia pembeni, na hufungia ndani unyevu wa usiku mpaka mchana mkubwa. Linatengeneza kitovu cha tone la Evans chenye ukubwa wa paa zima. Turubai ni la kulinda mzigo. Mzigo ukishuka, nalo lishuke. Ushauri huo unamfaa hata mwenye theluji: aifagie, aoshe chumvi ya barabara kila baridi inapolegea, na akilazimika kufunika aache hewa ipite chini.

Mabomba yana siri nyingine. Keria nyingi za mafundi wetu ni za bomba la mraba lenye ukuta wa milimita 1.5 au pungufu, na bomba likitobolewa kwa ajili ya bolti, hewa huingia na kutoka humo kila siku: mchana hutanuka na kutoka, usiku hupoa na kuvuta ndani unyevu na chumvi. Hakuna jua wala brashi inayofika humo. Keria huonekana nzima huku imekufa ndani. Gonga kwa mpini wa bisibisi kutoka mguu hadi mguu na usikilize mlio unapobadilika. Pale unapofifia, kata kidogo uone. Fundi mzuri hufanya moja kati ya mawili: huziba ncha zote kabisa kwa kuchomelea na kutotoboa tena, au hutoboa tundu upande wa chini wa kila bomba ili maji yatoke. Kufanya nusu ya hili na nusu ya lile ndiko kunakoua keria.

Metali nazo hupigana zenyewe kwa zenyewe, na sura hii ya elimu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Alessandro Volta alionyesha mwaka 1800 kwamba metali mbili tofauti zikitenganishwa na maji yenye chumvi huzaa umeme. Mwaka 1824 Humphry Davy, aliyeombwa kuokoa mabamba ya shaba yaliyofunika matumbo ya meli za kivita za Uingereza, alifunga vipande vya zinki na chuma kwenye shaba hiyo. Vipande viliyeyuka, shaba ikabaki. Metali moja ilijitoa mhanga kwa ajili ya nyingine. Miaka michache baadaye, mwaka 1837, Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kuzamisha chuma katika zinki iliyoyeyuka, na bati la nyumba zetu ni mjukuu wa wazo hilo. Likikwaruzwa, zinki iliyo pembeni ya mkwaruzo huliwa badala ya chuma.

Mkoa wa Lindi una mfano mkubwa wa kanuni hiyo hiyo. Gesi iligunduliwa kisiwani Songo Songo, Wilaya ya Kilwa, mwaka 1974, na tangu 2004 husafirishwa kwa bomba la chuma linalopita chini ya bahari kwa kilomita 25 hivi hadi Somanga, kisha zaidi ya kilomita 200 nchi kavu hadi Dar es Salaam. Mabomba ya namna hii duniani hulindwa kwa njia ya Davy: hufunikwa vizuri, kisha huunganishwa na metali ya kuliwa badala yao au husukumiwa umeme mdogo unaozizuia elektroni za chuma zisitoke. Mwanafunzi wa Kilwa anayeuliza elimu ya kutu itampeleka wapi, jibu mojawapo liko upande wa pili wa mlango wa bahari.

Kwenye keria kanuni hii ina masharti. Bomba lenye zinki likichomelewa, zinki huungua pale kwenye kiungo, na moshi wake mweupe humpa fundi homa usiku. Chomelea mahali penye upepo, kisha paka rangi yenye unga mwingi wa zinki kwenye kiungo kilichoachwa uchi. Keria za alumini zinazokuja na magari ya nje haziogopi kutu nyekundu, lakini alumini ikibanwa na bolti ya chuma kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa, unga mweupe hujaa tunduni na bolti hugoma kufunguka. Washa ya plastiki kati yao na grisi kwenye nyuzi za bolti ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kukata mguu kwa grinda.

Kuhusu rangi nitasema jambo moja kwa mkazo, kwani mengine mafundi wanayajua. Rangi hushindwa pwani mara nyingi kwa sababu ya chumvi iliyokuwa chini yake siku ilipopakwa. Fundi husugua chuma leo jioni, hukiacha wazi hadi asubuhi, hupaka. Usiku mzima kusi imekitilia chumvi. Rangi yoyote hupitisha maji kidogo, na chumvi iliyofungiwa chini huyavuta hayo maji mpaka lengelenge linyanyuke. Viwanda vya meli hupima chumvi juu ya chuma kabla ya kupaka. Fundi wa Masoko asiye na kipimo na afanye hivi: asugue, aoshe kwa maji matamu, akaushe, apake tabaka la kwanza siku hiyo hiyo, na aanzie kwenye pembe kali na viungo, mahali rangi hukimbia na kuwa nyembamba. Oili chafu inayopakwa na wengi chini ya magari huzuia maji kwa muda, kisha huishia udongoni na kwenye mikoko. Siipendekezi, na sitaki kuiona juu ya keria inayobeba chakula.

Watu wa bahari wa pwani hii hawakuwa wajinga wa mambo haya. Vyombo vya kale vya kushonwa kwa kamba za nazi, mtepe ukiwa maarufu kuliko vyote, havikuwa na msumari wa kuliwa na kutu. Majahazi ya misumari hupakwa sifa, mafuta ya samaki, na chini deheni, yaani mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Mafuta ya samaki yana historia hata nje: nahodha Robert Fergusson alianzisha Marekani kampuni ya rangi ya Rust-Oleum mwaka 1921 baada ya kuona kwamba mafuta ya samaki yaliyomwagika kwenye sitaha ya chuma yalizuia kutu isienee. Mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayounguza mikono ya wabanguaji, hutengenezewa kemikali inayogandisha rangi nzito za meli na kuzifanya zishike hata kwenye chuma chenye unyevu. Lindi na Mtwara ndiyo nchi ya korosho ya Tanzania, na sehemu kubwa ya korosho yetu kwa miaka mingi imesafirishwa ghafi, maganda yake yakienda nayo. Huwa nasikitika nikifikiri kwamba kinga ya chuma cha pwani huondoka bandarini ndani ya gunia.

Wanaakiolojia nao wana la kutufundisha. Masultani wa Kilwa Kisiwani walipiga sarafu za shaba, na sarafu hizo zimefukuliwa kwa wingi zikiwa bado zinasomeka. Chache ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Shaba hujivika gamba linaloshikamana nayo na kuilinda, na chuma hutoa gamba linalobanduka. Kuta za matumbawe na chokaa za Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa hazikutegemea chuma ndani yake, na karne zimepita zikisimama hata paa zilipoanguka. Jengo la zege la leo lililochanganywa kwa mchanga wa ufukweni huweka chumvi na nondo pamoja tangu siku ya kwanza. Kutu hutanuka, zege hupasuka, na nondo huonekana nje kabla mwenye nyumba hajamaliza kuezeka. Aliyeelewa mguu wa keria ameshaelewa nguzo hiyo.

Imebaki kupima, na bila kupima tunabaki kwenye hisia. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 hugawa hewa ya dunia katika madaraja kuanzia C1 hadi C5, na juu yake CX, kwa kuangalia chuma cha kawaida hupoteza unene kiasi gani mwaka wa kwanza. C3 ni mikromita 25 hadi 50, C5 ni 80 hadi 200, na CX hupita 200. Bomba la milimita 1.5 lina mikromita 1,500, kwa hiyo msomaji anaweza kujipigia hesabu, akikumbuka kwamba kutu hailii sawasawa na bomba hutoboka kabla halijaisha. Kazi yenyewe haina siri. Vibao vya chuma vya sentimita 10 kwa 15 hupimwa uzito kwenye mizani nzuri ya maabara, hufungwa kwenye fremu nje kwa mwaka mmoja, huoshwa kutu kwa dawa maalumu, hupimwa tena. Kando yake huwekwa utambi wa shashi uliolowa, unaonasa chumvi ya hewani ili ihesabiwe kwa miligramu kwa kila mita ya mraba kwa siku.

Nawaomba walimu wa kemia na fizikia wa Kilwa na Lindi waianze kazi hii na wanafunzi wao. Vibao vitatu viwekwe Masoko, vitatu Kivinje, vitatu Nangurukuru na vitatu Liwale, mbali na bahari. Katika kila kituo kibao kimoja kikae wazi kwa mvua, kimoja kifungwe chini ya kivuli, cha tatu kioshwe kwa maji matamu kila wiki. Vianze tarehe 1 Juni, mvua zikiwa zimekoma na kusi imeingia, na matokeo yabandikwe ubaoni kwenye stendi ambapo madereva na mafundi watayasoma.